Mtoto Mchanga: Msafiri au Mzigo?

Sharia yetu tukufu haikumsahau msafiri. Imempunguzia sala, imempa ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani, na imemuwekea fungu katika Zaka akiharibikiwa njiani. Lakini yuko msafiri mmoja ambaye sisi watu wa pwani twasafiri naye kila siku na hatumhisabu katika wasafiri. Huyo ni mtoto mchanga. Hakunuia safari, hakuchagua siku wala chombo, wala hajui aendako. Twamchukua kama tuchukuavyo kikapu, na akilia twasema anatusumbua. Basi swali tutakalo kulitazama ni hili: ni kwa haki gani twamtia mja huyu katika taabu na hatari ya njia ambayo yeye hakuiridhia?

Huenda mtu akasema kuwa swali hili halina maana, kwani mtoto ni wa wazee wake, na waendako wao ndiko aendako yeye. Twajibu kuwa neno hili "wa" lataka kufafanuliwa. Kikapu ni cha mtu kwa njia ya milki, na mtoto ni wa mtu kwa njia ya amana. Mwenye milki huitumia apendavyo. Mwenye amana huitumia kwa maslaha ya aliyewekewa, kisha huulizwa.

Dalili ya jambo hili imo katika Hadithi aliyoipokea Ibn Abbas, na ikathubutu katika Sahihi ya Muslim. Mtume (S.A.W.) alikutana na msafara mahali paitwapo Rauhaa. Mwanamke mmoja akamnyanyua mtoto wake, akauliza kama mtoto yule ana Hija. Mtume akamjibu kuwa anayo, na kuwa yeye mama ana ujira. Na tuizingatie jawabu hiyo. Hija imehisabiwa kuwa ni ya mtoto, na mama amepewa malipo yake mbali. Yule mtoto aliyekuwa mikononi alikuwa msafiri mwenye safari yake mwenyewe.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakajenga juu ya msingi huu. Wamesema kuwa walii humnuilia mtoto ihramu, na kuwa gharama iliyozidi kwa sababu ya safari hiyo ni juu ya walii, haitolewi katika mali ya mtoto. Hapa ndipo tupatapo kanuni tuitakayo: aliyeamua safari ndiye achukuaye uzito wake. Mtoto hakuamua, basi haimpasi kulipa. Na kama haimpasi kulipa kwa fedha zake, vipi itampasa kulipa kwa afya yake?

Tutazame pia hukumu ya saumu. Kufunga Ramadhani ni nguzo miongoni mwa nguzo tano za dini. Hata hivyo mama anyonyeshaye akichelea mwanawe asidhurike kwa kupungua maziwa, ameruhusiwa kufungua. Kwa madhehebu yetu, akiwa amefungua kwa ajili ya mtoto tu, atalipa siku zile na atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Ikiwa nguzo ya dini imesogezwa ili apishwe mtoto na maziwa yake, basi arusi yetu, ziara yetu na matembezi yetu ya sikukuu yana haki zaidi ya kusogezwa.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 2024 joto la Makka lilipita digrii 50, na Serikali ya Saudia ikatangaza kuwa mahujaji 1,301 walifariki. Mwaka uliofuata, 2025, ikatangazwa kuwa watoto hawataruhusiwa kufuatana na mahujaji kwa ajili ya msongamano. Aweza mtu kuuliza: je, katazo hili halikupingana na jawabu ya Rauhaa? Kwa maoni yetu halikupingana. Jawabu ile yatufunza kuwa Hija ya mtoto yasihi. Haikumlazimisha mzazi kumpeleka, na wanavyuoni wamekubaliana kuwa mtoto huyo akibaleghe bado ana deni la Hija ya faradhi. Na kanuni ya sharia ni kuwa kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Mama atafutaye thawabu kwa kumtia mwanawe katika jua na msukumano kama ule anunua kwa fedha ya mwingine.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya wale wasemao kuwa haya yote ni upungufu wa tawakali. Wao hutaja kisa cha Bi Hajar, aliyeachwa na mwanawe anyonyaye katika bonde lisilo mmea wala maji, na Mwenyezi Mungu akawatosheleza. Twakiri kuwa kisa ni cha kweli, lakini twauliza mambo mawili. La kwanza, Nabii Ibrahim aliwaweka pale kwa amri ya Mola wake. Ni nani miongoni mwetu aliyeteremshiwa wahyi kupanda basi la usiku na mtoto wa wiki tatu? La pili, je, Bi Hajar alikaa akangoja? Yalipomwishia maji alipanda Safa, akapanda Marwa, akaenda na kurudi mara saba akitafuta. Na mwendo ule ndio tuufanyao mpaka leo katika Hija na Umra. Twamwiga mama aliyehangaika kwa ajili ya mtoto, kisha twatumia jina lake kuwa udhuru wa kutohangaika!

Hapa kwetu Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko kilizama Mtongwe wakafa watu zaidi ya 270. Kilikuwa kimepakia watu kupita kiasi chake. Ajali ni kwa kadari ya Mungu, hapana Muislamu akataaye hilo. Lakini kujaza chombo ni kitendo cha wanadamu, na kitendo ndicho tutakachoulizwa.

Tena yafaa tuseme wazi juu ya ada zetu. Mtoto akitolewa safarini hufungwa mvuje mkononi, hupakwa wanja kwenye paji la uso na huvikwa hirizi, ili asipatwe na jicho. Kisha mtoto huyo huyo hupakatwa katika kiti cha mbele cha gari liendalo mbio! Gari likigonga, mikono ya mama, hata akiwa na nguvu namna gani, haiwezi kumzuia mtoto asirushwe. Tumemkinga na tusilolijua, tukamwacha wazi kwa tunalolijua. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwaombea Hasan na Husein hifadhi ya Mwenyezi Mungu kwa maneno, na akasema kuwa Ibrahim naye aliwaombea hivyo Ismail na Is-haka. Basi dua ndiyo kinga ya Sunna. Baada ya dua, mtoto na akae kiti cha nyuma, katika kiti chake kilichofungwa barabara kwa wenye uwezo. Asiyekuwa na uwezo na achague chombo kisichojazwa na dereva asiyekimbia. Na aliye chini ya miezi sita asinyweshwe maji ya njiani, kwani maziwa ya mama humtosha hata wakati wa joto.

Je, twasema kuwa mtoto asisafirishwe kabisa? La. Kuunga udugu ni wajibu, na bibi aliye Lamu ana haki ya kumwona mjukuu wake aliyezaliwa Mombasa. Mtoto mgonjwa sharti apelekwe kwenye matibabu hata kama njia ni ndefu. Bi Asmaa binti Umais alijifungua mwanawe Muhammad bin Abubakar Dhul-Hulaifa, katika safari ya Hija ya Kuaga, na Mtume akamwamrisha aoge na ahirimie. Hakuambiwa kuwa amekosa kutoka. Tusemalo ni kuwa kila safari ipimwe kwa mizani ya mtoto pia. Tujiulize: yeye apata nini, apoteza nini, na je, yaweza kungoja? Mara nyingi bibi aweza kupanda basi akaja yeye, na jambo likawa jepesi kwa wote.

Na mizani hiyo haikuwekwa juu ya mama peke yake. Twawaona wanaume wetu wakishuka katika feri ya Likoni mikono mitupu, na nyuma yao mke ana mtoto kifuani, mkoba begani na kikapu mkononi. Mtume wetu, aliye bora wa viumbe, alisali na mjukuu wake Umama amempakata, akimweka chini asujudupo na kumchukua asimamapo. Ni heshima gani basi ya mwanamume itakayovunjika kwa kumbeba mwanawe kutoka feri hadi kituo cha basi?

Nasi abiria wengine tuna fungu letu. Mtoto akilia garini, watu hugeuka wakamtazama mama kwa macho makali. Mtume alikuwa akiingia katika sala akitaka kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto huifupisha kwa kumhurumia mama yake. Imamu wa umma alipunguza sala yake kwa ajili ya kilio hicho, na sisi twashindwa kupunguza makunyanzi ya nyuso zetu. Kumpisha kiti, kumpokea mzigo, kumwambia dereva apunguze mwendo: haya ni sadaka isiyotoa senti mfukoni.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini haki ya mwana yatupasa kuijua sote. Asiyeweza kusema ataka nini, wenye kusema na wamsemee. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachunga amana. Wallahu aalam.