Deni la Ng'ombe

Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu. Kwetu Mwanhuzi, wilayani Meatu, hilo si sifa tu, ni deni. Sehemu ya ada ilitoka Bodi ya Mikopo, na deni hilo lina hesabu: nikiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Sehemu nyingine ilitoka kwenye pamba na ng'ombe wa baba. Hilo halina stakabadhi, na ndilo linaloninyima usingizi.

Maana nimechagua kusomea ubongo. Si kuutibu, ni kuuchunguza. Shangazi aliniuliza swali ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza: "Sasa hicho kitu, mwanangu, sisi kitatusaidia nini?"

Je, aliyesomeshwa kwa jasho la wengine ana haki ya kuchagua elimu ambayo huenda wao wasiione faida yake wakiwa hai?

Wapo wanaosema elimu ni ya aliyeisoma. Silikubali hilo. Ng'ombe walikuwa wa nyumba nzima. Mdogo wangu aliyebaki akichunga naye alinisomesha. Wengine husema rudi, ukae zahanati, utume hela. Hoja hii ina uzito, ila inadhani kinachosaidia ni kile tu kinachoonekana leo.

Tazama kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 wanaishi nacho, na hadi asilimia 70 wangeweza kukaa bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa. Alitoa dawa, na pia aliandika alichokiona, wakiwemo watoto walioinamisha kichwa mara kwa mara bila kujijua. Miongo kadhaa baadaye hali kama hiyo ikawakumba watoto wa Sudan Kusini na Uganda, na leo watafiti wengi wanaihusisha na minyoo ya usubi, ambayo dawa yake ipo. Mzazi wa Mahenge wa enzi zile hakuuona mwisho huo. Lakini sidhani alidhulumiwa, kwani aliyekuwa akiandika ndiye huyohuyo aliyemtibu mwanawe.

Mimi sitakuwa na dawa mkononi. Nitawapa nini basi? Wapo bado wanaoogopa kumgusa aliyeanguka, eti povu lake linaambukiza. Anaachwa peke yake, hata kama ni karibu na moto. Kueleza kwamba ule ni umeme wa ubongo uliovurugika, na kwamba povu haliambukizi, hakungoji utafiti wangu ukamilike.

Kwa hiyo naona hivi: faida ya elimu inaruhusiwa kuchelewa, maelezo hayaruhusiwi. Kabla sijaitetea tasnifu yangu mbele ya maprofesa, niweze kuitetea kwa Kisukuma mbele ya shangazi. Asiponielewa, mwenye kazi ya kurudia ni mimi.