Shoka na Amri ya Tano



Shoka la zamani likivunjika mpini, chuma chake hakitupwi. Hutiwa mpini mpya. Lakini angalieni: mti mbichi ukikauka husinyaa, na chuma hulegea. Chagueni mti mgumu, uliokauka vema. Uchongeni ujae tundu, kisha pigeni kabari.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, yanena juu ya mtu akataye mti mwituni: chuma chachomoka mpinini, chamwua mwenzake. Mungu aliamuru apate mji wa kukimbilia, kwa kuwa hakukusudia. Bali ajuaye kwamba shoka lake limelegea, akalitumia karibu na watu, atajitetea kwa neno gani? Amri ya tano yatuagiza kulinda uhai wa jirani. Basi, kabla ya kukata kuni, litikiseni kwanza shoka.