Kibaba cha Haki

Ndugu msomaji, mwenye duka akiwa na vibaba viwili, kamili cha kununulia na pungufu cha kuuzia, wewe humwitaje? Sura ya Al-Mutaffifin imewaonya vikali watu wa namna hiyo. Lakini je, umepata kufikiri kwamba hata neno la kumsifu au kumlaumu mtu ni kipimo?

Tazama yaliyoonekana Marekani, ambako vyuo vya maofisa wa jeshi vilianza kupokea wanawake mwaka 1976. Mwaka 2018 wataalamu watatu walieleza matokeo ya kuchungua tathmini 81,000 za wanajeshi zaidi ya 4,000, waume kwa wake. Kila mmoja alipimwa kwa maneno yaliyochaguliwa katika orodha ya sifa 89, njema na mbaya. Katika alama za masomo na za mazoezi ya mwili, wanaume na wanawake hawakupitana. Katika maneno, wanawake walipewa ya lawama mengi zaidi. Neno baya walilopewa sana wanaume ni kiburi. Wanawake, kutoiweza kazi.

Zingatia tofauti hiyo. Mwenye kiburi huambiwa ajirekebishe, kisha hupandishwa cheo. Asiyeiweza kazi hufungiwa mlango.

Huenda ukasema, mwanamke na jeshi wapi na wapi? Hilo ni suala jingine, nalo lina wenye kulijadili. Lakini ukisha kuishika mizani, huna ruhusa ya kumpunja mtu kwa kuwa hukupenda aje dukani. Siku ya Uhud, Bibi Nusayba binti Kaab alisimama kumkinga Mtume (S.A.W.) hata akajeruhiwa. Imepokewa kuwa Mtume alimsifu kwa kile alichomwona akikitenda. Hiyo ndiyo tathmini ya haki: kutaja tendo lilivyo.

Na sisi majumbani mwetu? Mwana wa kiume akitoa rai yake, twasema ana ujasiri. Binti akitoa rai ile ile, twasema hana adabu. Mwana akifaulu mtihani ana akili. Binti akifaulu amebahatika. Kisha twashangaa binti akinyamaza.

Basi kabla hujamtaja mtu, jiulize: lau tendo hili lingetendwa na mwingine, ningelitumia neno hili hili? Kama sivyo, kitupe kibaba hicho. Ushahidi ni amana, na kila amana ina siku ya kuulizwa.