Neno Lililotoka Kisiwani Patmo

Somo: Ufunuo wa Yohana 1:9–20



Wengi wakifungua Kitabu cha Ufunuo huwaharakia wanyama na mihuri na baragumu, nao hupita kisiwa cha Patmo kama mtu arukaye kizingiti pasipo kukitazama. Lakini jina la kisiwa kile halikuandikwa bure. Nasi, kwa kuwa tulijaliwa kufika huko, twataka kuwaonyesha kwanza mahali penyewe, kisha tulisikilize pamoja nanyi neno lililotoka huko.

Patmo ni kisiwa kidogo cha nchi ya Ugiriki, katika bahari ya Egeo. Eneo lake ni kilomita za mraba 34 hivi, na wakaao humo ni kama watu 3,000. Ni nchi ya miamba iliyotokana na volkano, wala maji yake si mengi. Uwanja wa ndege hakuna. Hata leo watu hufika kwa meli, nayo meli hutia nanga katika bandari iitwayo Skala. Toka hapo njia ya zamani, iliyotandikwa mawe, hupanda mpaka mji wa Chora wenye nyumba nyeupe. Na juu ya nyumba hizo zote husimama nyumba ya watawa, yenye kuta nene kama za boma, maana zamani maharamia waliizunguka bahari ile. Mtawa Christodoulos aliianzisha mwaka 1088, alipopewa kisiwa na Kaisari Alexios wa Constantinople. Wakati wa kiangazi wageni huja wengi. Lakini meli zao zikiisha kung'oa nanga, kisiwa hunyamaza, usisikie ila upepo, na mawimbi, na kengele ya kanisa.

Kati ya Skala na Chora liko pango. Wenyeji husimulia ya kuwa humo ndimo Yohana alimoona maono yake. Wataonyesha ufa wa mwamba uliogawanyika mara tatu, nao husema ni ishara ya Utatu. Wataonyesha na shimo lililopambwa kwa fedha, ambapo, kwa masimulizi yao, mzee alilaza kichwa chake. Ndugu zetu wa Kanisa la Orthodoksi huomba hapo kwa heshima kuu, wala hatuwadharau; tulisimama kati yao kimya. Lakini Maandiko hayataji pango, wala hayakutuagiza kutafuta baraka katika jiwe. Yataja mambo mengine matatu, na hayo ndiyo yatupasayo kuyafikiri.

Kwanza, Yohana hakwenda Patmo kupumzika. Alikuwako kwa ajili ya Neno la Mungu, naye hajiiti mkuu wala mwonaji, bali ndugu, mwenye kushiriki mateso pamoja na wenzake. Ireneo, mwalimu wa Kanisa wa karne ya pili, ashuhudia ya kuwa maono haya yalionekana karibu na mwisho wa kutawala kwake Domitiano, Kaisari aliyekufa mwaka 96. Warumi walikuwa na desturi ya kuwahamishia visiwani watu wasiowataka. Waliona bahari yatosha kuwa ukuta, tena ukuta usiohitaji mlinzi. Siku ya hewa safi, mtu asimamaye juu ya vilima vya Patmo huviona visiwa vya Samos na Ikaria; na ng'ambo ya Samos ni nchi ya Asia, ulikokuwa Efeso, umbali wa kilomita 100 hivi. Basi Yohana aliweza kuuelekeza uso wake upande wa watu wake, asiweze kuwafikia. Sisi tulipokwisha kuyatazama maji yale, ndipo tulipolisikia kwa upya neno la sura ya 21, kwamba katika nchi mpya bahari haitakuwapo. Mtu wa bara hulipita neno hili upesi. Mtu aliyetengwa na maji hulishika kwa mikono miwili.

Pili, Yohana aliitunza siku ya Bwana. Hatusomi ya kuwa alikuwa na usharika, wala kengele, wala mtu wa kumwitikia zaburi. Hata hivyo Jumapili ilikuwa Jumapili kwake, naye alikuwa katika Roho. Ndipo aliposikia sauti kuu nyuma yake. Angalieni, ndugu, aligeuka akaona nini kwanza? Aliona vinara saba, navyo ndivyo makanisa saba. Na katikati yao akamwona Mwana wa Adamu. Yeye aliyedhani amekatwa na watu wake alionyeshwa ya kuwa Bwana anatembea kati yao. Mchungaji ameondolewa, Bwana hakuondolewa. Hiyo ndiyo faraja ya Patmo, wala ukimya peke yake hauwezi kuileta. Wako watu waendao visiwani kutafuta ukimya, nao hurudi watupu kama walivyokwenda, maana ukimya ni chombo tu. Neno ndilo chakula.

Tatu, Yohana hakuachiwa maono yawe mali yake. Aliamriwa kuandika na kuyapeleka: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Kaisari alimfunga mtu, wala hakuweza kulifunga Neno. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Martin Luther, alipofichwa katika ngome ya Wartburg tangu Mei 1521 hata Machi 1522. Katika barua zake aliiita ngome ile Patmo yake. Na humo, kwa muda wa majuma machache tu, aliligeuza Agano Jipya kwa Kijerumani, ili watu wake walisome wenyewe. Adui alitaka kumnyamazisha mmoja, na nchi nzima ikapata kusikia.

Basi, mpendwa, Patmo yako ni ipi? Wewe mwinjilisti uliyewekwa mtaa wa mbali, ambako watu wachache tu huja ibadani, usiseme, Nimesahauliwa. Itunze siku ya Bwana, hata wakija wawili. Wewe mgonjwa ulalaye kitandani, usikiaye nyimbo za kanisa kwa mbali, geuka kama Yohana alivyogeuka. Bwana yuko kati ya ndugu zako, yuko na kwako. Tena lililo moyoni mwako lipeleke: kwa maombi, kwa barua, kwa neno moja kwa mtoto akuleteaye maji.

Nasi tulio katika sharika kubwa, tuogope. Efeso ulikuwa mji wenye fahari, na kanisa lake lilipata barua ya kwanza, lenye kazi nyingi na upendo uliopoa. Bwana alilionya ya kuwa kinara chaweza kuondolewa. Leo bandari ya Efeso imejaa matope ya mto, na wasafiri hutembea katika magofu yake. Bali katika kisiwa kile cha mawe, kilichokuwa gereza, sifa za Kristo zaimbwa hata sasa. Wala Patmo isijisifu, wala sisi tusijisifu. Si ukubwa wa mji ulindao taa, wala si utakatifu wa mwamba, ila ni Yeye azishikaye nyota saba katika mkono wake wa kuume. Tumwombe asikiondoe kinara chetu, bali auwashe tena upendo wetu wa kwanza.

Amin.