Kwanza Jueni Mtakapokutania

Wanangu,

Nimeambiwa mmekubaliana, nyinyi wanne, kuchukua vyumba viwili kwenye meli ya kitalii inayotoka Galveston, Texas, kwenda Cozumel na kurudi. Nimefurahi mno. Mmekua mtaa mmoja, kisha maisha yakawatawanya, huyu Houston, huyu Dallas, huyu Columbus kule Ohio, na sasa mmepata siku chache za kukaa pamoja baharini. Ujana wangu karibu wote niliumalizia kwenye meli za namna hiyo, upande wa wafanyakazi, na siku niliyokuja kuijua vizuri kuliko zote ni ya kwanza. Ni siku yenye mambo madogo mengi, na watu huhangaika nayo hata lile kubwa likawapita. Hilo kubwa nitalisema kwa kirefu. Haya mengine nitayapitia njiani.

Msisafiri asubuhi ya siku ya meli. Toka Houston hadi Galveston ni kama kilomita 80 kwa barabara kuu ya I-45, na ajali moja tu yatosha kuwafungia njiani nusu siku. Atakayetoka Ohio kwa ndege ndiyo kabisa. Lalani Galveston usiku wa kuamkia safari, au angalau Houston. Miezi ya Januari na Februari ukungu huifunga njia ya meli pale, na meli yenyewe ikachelewa kuingia. Aliyelala karibu atangoja taarifa akinywa chai. Jueni pia kwamba orodha ya abiria hutakiwa ifike kwa idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani si chini ya dakika 60 kabla ya kuondoka, kwa hiyo kaunta hufungwa mapema kuliko saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Ikishafungwa, hakuna wa kumbembeleza.

Wale ambao bado mna pasipoti za nyumbani, kumbukeni kwamba kurudi Galveston ni kuingia Marekani upya. Visa iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, na iwe hai hadi siku ya kurudi. Mwenye kadi ya ukaazi aibebe kadi yenyewe, asitegemee picha ya simuni. Mwanafunzi awe na fomu yake ya I-20, chuo kikiwa kimeshaisaini kwa ajili ya safari. Haya yakaguliwe wiki kadhaa kabla, mkiwa mmekaa pamoja hata kama ni kwa simu ya video, kila mmoja akionyesha karatasi zake. Msione haya kuulizana.

Mkifika bandarini, wapagazi watachukua masanduku makubwa pale pale kando ya barabara. Wapeni dola mbili tatu. Sanduku hilo hamtaliona tena hadi jioni, pengine hadi baada ya chakula cha usiku. Nimewahi kumwona bibi mmoja mwenye kisukari akipita kwenye lundo la mizigo karibu na lifti, sitaha baada ya sitaha, akisoma vibandiko kimoja kimoja kutafuta sanduku lenye insulini yake, na saa ya sindano inapita. Alilipata, lakini alikuwa ameshaanza kutetemeka. Dawa, pasipoti, miwani, chaja na nguo moja ya kubadilisha vikae kwenye begi la mkononi, na begi hilo lisitoke mkononi.

Na wewe mwanangu unayependa chumba kinukie, chetezo na udi uviache nyumbani. Pasi nayo, na mishumaa. Vitaonekana kwenye mashine ya ukaguzi na vitachukuliwa. Msibishane na wanaovichukua. Moto ndiyo hofu kubwa ya kila baharia, kwa sababu nyumba ikiungua barani watu hukimbilia nje, na baharini hakuna nje.

Sasa lile kubwa.

Mtapanda kwenye saa sita au saa saba mchana. Vyumba vitakuwa havijawa tayari, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo maelfu ya watu wameshuka na wahudumu bado wanatandika. Muziki utakuwa unapigwa kwenye bwawa, bufee imejaa, kila mtu anapiga picha. Hapo, kabla ya sahani ya kwanza, nataka mzitazame kadi mlizopewa. Kila kadi ina herufi au namba ya kituo cha kukusanyika wakati wa dharura. Nendeni mkakione, wote wanne, kwa ngazi na si kwa lifti, kwa sababu siku ya dharura lifti hazitumiki. Simameni pale. Tazameni boti za kuokolea ziko upande gani, majaketi yanatolewa wapi. Baadaye, vyumba vikishafunguliwa, rudieni safari hiyo mkianzia mlangoni kwenu. Hesabuni milango hadi ngazini. Korido za meli zinafanana zote, na mgeni siku ya kwanza hajui omo iko wapi na tezi iko wapi.

Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 meli iitwayo Costa Concordia iliondoka Civitavecchia, bandari ya karibu na Roma, ikiwa na watu zaidi ya 4,000. Ilipita karibu mno na kisiwa cha Giglio, mwamba ukaichana ubavu. Watu walikuwa wakila chakula cha usiku. Taa zilipozimika waliambiwa ni hitilafu ya umeme. Amri ya kuihama meli ilitoka baada ya zaidi ya saa nzima, na kwa kuwa meli ilizidi kulalia upande, kuna boti ambazo hazikushushika sawasawa. Walikufa watu 32. Nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka 16, na magazeti yalimwandika sana yeye. Mimi huwafikiria zaidi wale mamia ya abiria waliopanda Civitavecchia jioni ile ile. Kwao ilikuwa siku ya kwanza. Walikuwa hawajafanya zoezi la dharura, kwa sababu kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanywe ndani ya saa 24 tangu abiria apande, na lao lilikuwa limepangwa kesho yake.

Kanuni ilibadilishwa. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini uliozaliwa mwaka 1914 baada ya Titanic, tangu tarehe 1 Januari 2015 unataka zoezi lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kwa hiyo mtalifanya siku hiyo hiyo. Lakini tangu wakati wa Korona meli nyingi zimelirahisisha: unatazama video simuni, unapita kituoni, kadi inasomwa kwa mashine, umemaliza. Dakika tano. Vijana huichukulia kama kugongewa muhuri, na huicheza video bila sauti huku wakila. Nawasihi msifanye hivyo. Sikilizeni mlio wenyewe ulivyo: saba mifupi, mmoja mrefu. Mwombeni mfanyakazi wa kituo awaonyeshe jaketi linavyofungwa, kisha mwambieni mmoja wenu alivae mbele yake.

Kuna jambo ambalo video haiwaambii. Nyinyi mna vyumba viwili. Huenda kimoja kikapangiwa kituo hiki na cha pili kituo kingine, upande wa pili wa meli. Likitokea la kutokea, rafiki wa kweli silika yake ni kumkimbilia mwenzake: nani alikuwa bwawani, nani amelala, nani kaenda kwenye onyesho. Kumtafuta mtu ndani ya meli yenye sitaha kumi na kitu, gizani, watu wanasukumana ngazini, ni kujipoteza wewe na kumpoteza yeye. Kila mmoja aende kituoni kwake. Huko ndiko watu wanakohesabiwa, na aliyekosekana huko ndiye anayefuatwa na mabaharia wanaojua njia. Ahidianeni hivyo siku ya kwanza, kwa sauti, mkitazamana, kwa sababu dakika ile moyo utakataa, na ahadi ndiyo itakayousukuma mguu. Mkiona vituo ni tofauti, ulizeni kwenye dawati la huduma kama wanaweza kuwaweka pamoja. Wakikataa, basi.

Sisi si watu wa kuambiwa bahari ni nini. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu kupita kiasi. Familia ngapi za kwetu hadi leo hazina kaburi la kuzuru. Na bado wengi wetu hupanda boti ya Unguja au pantoni bila kuuliza jaketi liko wapi, kana kwamba kuuliza ni kumwita shetani. Hiyo desturi ife na kizazi chetu. Nyinyi mnapanda chombo ambacho sheria inawalazimisha waendeshaji wake kuwaonyesha. Pokeeni haki hiyo.

Simu. Bado mko gatini, kila mmoja ampigie mama yake, amwambie tunaondoka na tunarudi siku fulani. Kisha wekeni simu kwenye hali ya ndege na muiache hivyo hadi mrudi, kwa maana mtandao wa simu wa melini hupitia setilaiti na bili yake huja baadaye, nzito. Maana yake hamtaweza kupigiana simu kama mlivyozoea. Programu za meli nyingi zina sehemu ya kuandikiana ujumbe, lakini msiitegemee peke yake. Chagueni mahali pamoja, labda chini ya ngazi kuu, na saa moja au mbili za kukutana kila siku. Mkimkosa mwenzenu hapo, mfuateni. Asiyetaka kufika aache karatasi mlangoni. Na saa zenu zifuate saa ya meli, si saa ya simu. Cozumel na Texas hazina saa moja katika miezi ya baridi, toka Novemba hadi Machi, na meli haimsubiri aliyechanganya.

Pesa ziwekeni wazi kabla ya kupanda. Melini hakuna fedha taslimu. Kila kitu kinaingia kwenye kadi ya chumba na kudaiwa mwisho. Msikubali deni la wanne likae kwenye kadi ya mmoja kwa sababu tu ana kipato kizuri. Mwenye kuweka kadi ya kawaida ya benki ajue kwamba kiasi fulani kitazuiliwa kwa siku kadhaa. Bakshishi ya wahudumu nayo hukatwa yenyewe kila siku, siku hizi kwa meli nyingi za Marekani ni kati ya dola 16 na 20 kwa mtu mmoja. Na kuna hili la vinywaji: meli nyingine, mtu mmoja akinunua kifurushi cha pombe, humtaka kila mtu mzima wa chumba hicho naye anunue. Wasiokunywa walale chumba kimoja. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa bili ya aina hiyo, tena asubuhi ya kushuka, watu wakiwa foleni ya forodha hawasemeshani.

Mhudumu wa chumba chenu mtakayekutana naye alasiri hiyo amesimama tangu alfajiri. Kibandiko cha jina kifuani huonyesha na nchi yake: Ufilipino, Indonesia, India, na siku hizi vijana wa Mombasa nao wamo. Mkataba wake huenda ni wa miezi sita au zaidi bila kwenda nyumbani. Msalimieni kwa jina. Mkimkuta wa kwetu, mwulizeni habari za huko, msimtume kama bwana anavyomtuma mtwana.

Osheni mikono kwa maji na sabuni kabla ya bufee, hata kama kuna dawa ya kupaka mlangoni, kwa sababu ile dawa haiwezi vizuri kirusi cha kuharisha na kutapika kinachosumbua melini. Anayetaka chakula cha halali aulize mapema, asingoje hadi sahani iko mbele yake. Anayetaka kibla, televisheni ya chumbani kwa kawaida huonyesha meli inaelekea wapi, ajielekeze toka hapo, na atazame tena kila sala, kwa kuwa meli hugeuka.

Kwenye saa kumi jioni kamba zitafunguliwa. Pandeni juu mkatazame. Pomboo wengi huishi katika mlango ule wa Galveston, na mwari huruka kandokando ya pantoni inayovusha magari kwenda Bolivar. Meli ikishapita kuta za mawe za mlango huo, tazameni ubavuni chini: kiboti kidogo kitajibana na meli bila meli kusimama, na rubani wa bandari atashuka kwa ngazi ya kamba, mguu mmoja hewani, hadi kiboti kipande na wimbi, ndipo aachie. Katika miaka yangu yote sikuacha kwenda kumtazama.

Mawimbi ya Ghuba ya Meksiko huanza hapo. Mmoja wenu huenda akashikwa na kichefuchefu usiku huo wa kwanza. Ale kidogo, atafune tangawizi, alale chumba cha chini zaidi na cha katikati ya meli kama mnacho, na akihitaji kidonge aulize dukani au kwa daktari wa meli. Pangeni zamu ya kukaa naye, nusu saa nusu saa. Atakayekosa onyesho la kwanza kwa ajili hiyo, mwekeeni kiti kesho yake.