Nyumba ya likizo Kwakoa: Je, bima ni kukosa tawakkul?

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, kila unapokaribia mwezi wa Desemba, au Idi inapoangukia likizo za shule, mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Same na Mwanga hujaa. Wapare tunarudi nyumbani. Zamani mtu alifikia kwa baba yake. Siku hizi wengi waliojaaliwa kipato mjini wanajenga nyumba zao, na kwetu Kwakoa, katika tambarare ya chini ya milima ya Upare, wapo wanaosogea upande wa Ziwa Jipe ili wapate upepo na perege wa kuchoma. Nyumba hukaliwa wiki tatu, kisha hutiwa kufuli hadi mwaka mwingine.

Kwa kuwa nasomesha Maarifa ya Uislamu, swali hili naletewa mara kwa mara: "Ustadhi, nyumba ile niikatie bima, au bima ni haramu na ni kukosa tawakkul?" Haya ni maswali mawili, na wengi wanayachanganya.

Tuanze na tawakkul. Bedui alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Allah, aliagizwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Hadithi hii ameipokea Tirmidhi. Nabii Yusuf (a.s.) naye aliwaelekeza watu wa Misri waweke akiba ya nafaka miaka saba kabla ya njaa (12:47-48). Nani atathubutu kusema Yusuf alikosa tawakkul? Kuhifadhi mali ni katika makusudio matano ya sharia. Kwa hiyo kujikinga si kosa.

Swali la pili ndilo zito: unajikinga kwa mkataba gani? Katika bima ya kawaida, tuseme unalipa shilingi laki tatu kwa mwaka. Nyumba isipopatwa na kitu, fedha ni ya kampuni. Ikiungua, unalipwa mamilioni. Wewe na kampuni, wote hamjui mnauziana nini. Hiyo ni gharar, na Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, kama alivyopokea Muslim. Juu ya hayo, sehemu ya fedha hizo kwa kawaida huwekezwa kwenye riba, na hukumu ya riba tunaijua (2:275).

Wanazuoni hawakuanza jana kulijadili jambo hili. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliliandika pale wafanyabiashara wa baharini walipoanza kuwekea bima shehena zao. Katika zama zetu Sheikh Mustafa az-Zarqa aliona bima inafaa, lakini wengi hawakukubaliana naye. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah lilipitisha kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharar kubwa na ni haramu, na badala yake ni bima ya kusaidiana, yaani takaful.

Katika takaful unachotoa ni mchango wa kusaidiana. Mfuko ni wa wachangiaji, kampuni ni wakala anayelipwa ujira wa kuusimamia, fedha huwekezwa kwenye halali, na ziada inaweza kurudishwa kwa wachangiaji. Sudan walianza mwaka 1979. Jirani zetu Kenya walipata kampuni ya takaful mwaka 2011. Hapa kwetu, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022. Kwa hiyo udhuru wa kwamba hakuna njia nyingine umepungua sana. Kabla ya kusaini, uliza: bodi ya sharia ni ya akina nani? Ziada inakwenda kwa nani?

Hata ukipata mkataba wa halali, lipo suala la uaminifu. Mikataba mingi ya nyumba huweka sharti kuhusu jengo linaloachwa tupu, mara nyingi zaidi ya siku thelathini. Mtu anajaza fomu kwamba anaishi humo, ilhali nyumba imefungwa miezi kumi na moja. Mwingine anaficha kwamba banda la wageni limeezekwa makuti, au kwamba maji ya ziwa hufika uani. Huo ni udanganyifu, na katika mfuko wa takaful unayemdanganya ni Mwislamu mwenzako aliyechangia kwa jasho lake.

Tena tazama ulipojenga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka kiwango cha mwaka 1964, likaingia majumbani na hotelini. Jipe ni dogo, lakini nalo hupokea maji ya Mto Lumi yanayoshuka kutoka Kilimanjaro. Kujenga ndani ya maji kisha kutaka wenzako wachangie hasara si kumfunga ngamia. Ni kumpeleka mwenyewe kwa simba.

Mwisho, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Wazee wetu walikuwa na takaful kabla hatujalijua jina lake. Ndiva za kuhifadhia maji milimani zilichimbwa na kutunzwa kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa nguvu kazi. Mtume (s.a.w.) aliwasifu Ash'ariyyina kwa sababu chakula kilipopungua walikusanya walichonacho kwenye nguo moja, wakagawana sawa, akasema wao ni katika yeye na yeye ni katika wao (Bukhari na Muslim). Je, mwenye nyumba ya likizo yumo katika msaragambo? Anajua jirani yake amezika lini? Tembo wakitoka Tsavo wakala shamba la mama wa jirani, mama huyo hana bima yoyote. Anangoja kifuta jasho cha Serikali chini ya kanuni za mwaka 2011. Na mama huyo huyo ndiye atakayeona moshi kwenye paa lako usiku na kupiga yowe, wewe ukiwa Kariakoo.

Basi ndugu yangu, ingia takaful, sema kweli kwenye fomu, jenga mbali na ukingo. Kisha toa zaka yako, changia msaragambo ukiwa mjini, na uifungue nyumba yako kwa jirani Mwenyezi Mungu anapokuleta. Allah (s.w.) ametuamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu (5:2), na amri hiyo hailipiki kwa stakabadhi ya bima.

Allah atuhifadhie mali zetu na atuhifadhi sisi tusiwe watumwa wa mali hizo. Amin.

Wallahu a'lam.