Kuwa Mtu wa Kutegemewa: Nasaha kwa Kijana wa Mjini

Mwanangu, una kazi, una simu nzuri, una chumba chako cha kupanga chenye umeme na maji, na bado usiku unajilaza ukijiuliza maisha haya ni ya nini. Usilionee haya swali hilo. Hujakufuru wala hujakosa shukrani kwa kuliuliza. Ni swali la mtu mzima, na wazee wetu walilijua.

Mnamo mwaka 1858, huko upande wa Lamu, Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake utenzi wa mwenendo mwema. Alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, kwa hiyo jina na ukubwa vilikuwapo nyumbani. Hata hivyo, alichoona kinafaa kumkalisha mtoto chini ni adabu: namna ya kukaa na Mungu, na wazazi, na mume, na watu. Karne iliyofuata Shaaban Robert akafanya vivyo hivyo, akamtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Nami nafuata nyayo zao nikiwa na neno moja la kukuusia: furaha inayodumu humfuata mtu anayetegemewa na wenzake kwa kheri. Yote nitakayosema yanatoka hapo.

La kwanza, usiyapime maisha yako kwa maisha ya watu usiowajua. Zamani mtu alijilinganisha na jirani, na jirani huyo alimjua pia anapougua, anapodaiwa na anapogombana na mkewe. Leo simu inakuletea watu mia hujanawa hata uso, kila mmoja akiwa amevaa vizuri katika saa yake bora. Huwaoni wakilia, wala huwaoni wakikimbizana na kodi ya nyumba. Tena ujue kwamba mitandao hiyo imetengenezwa ili usiondoke, kwa sababu kila dakika unayokaa humo inauzwa kwa wenye matangazo. Basi huna sababu ya kujiona duni mbele ya bidhaa zilizopangwa dukani.

Ukiamka, waamkie watu wa nyumbani kabla ya kuamkia simu. Mnapokula, iwe mbali na sahani. Mtu akizungumza nawe, mtazame usoni mpaka amalize. Na rafiki yako akipata jambo jema, mpigie umpongeze kwa kinywa chako, kwani husuda haina makazi kwa mtu aliyezoea kuwaombea wenzake heri kwa sauti.

La pili, iheshimu fedha bila kuiabudu. Asikudanganye mtu kwamba umaskini ni raha. Mwenye njaa anahitaji chakula, mawaidha yatafuata baadaye. Lakini vijana wengi ninaowaona wamekosa usingizi, kilichowakosesha ni kuonekana. Kadi ya mchango wa harusi inafika, sare ya sherehe inatakiwa, na mfukoni hamna kitu. Kijana anaona aibu kusema ukweli, anachukua mkopo wa kausha damu, ule wenye riba ya kukamua, kisha anaishi miezi kadhaa akiikwepa simu yake mwenyewe. Kuchangiana ni jambo jema, na ndivyo tulivyolelewa. Toa unachokiweza, useme mapema, na siku ya shughuli uende ukabebe viti. Mwenye shughuli atakumbuka mikono yako kuliko kitambaa ulichovaa.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Andika kinachoingia na kinachotoka. Na ukidaiwa, usijifiche: mtafute anayekudai, mweleze hali yako, mpe tarehe unayoweza kuitimiza. Mtu anayekabili deni lake bado anaaminika, na kuaminika ni mali ambayo hakuna benki inayoikopesha.

La tatu, ifanye kazi yako ukimwona mtu anayeipokea. Fundi umeme ana watoto wanaolala chini ya waya alizozifunga. Karani anayeandaa mishahara ana mama mahali fulani anayesubiri ada ya shule. Muuguzi wa zamu ya usiku ana mgonjwa anayehesabu hatua zake. Kazi isiyo na uso wa mtu mwisho wake huchosha hata ikilipwa vizuri, na yenye uso hubebeka hata siku ngumu. Sisemi haya ili ukubali kuonewa. Kudai ujira wako wa haki, kwa maneno ya staha na kwa njia za sheria, ni sehemu ya adabu, maana anayeivumilia dhuluma anamzoesha dhalimu.

La nne ndilo kubwa, nalo ni watu. Kuanzia mwaka 1938 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliwafuatilia wanaume 724. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wa chuo hicho chenye fahari, wengine vijana wa mitaa ya kimaskini ya jiji la Boston. Waliwauliza habari zao na kuwapima afya tangu ujana hadi uzee, kwa zaidi ya miaka 80. Kilichojitokeza waziwazi ni kwamba uhusiano mwema na watu ndio uliowalinda, miili yao na nyoyo zao, kuliko mali na umaarufu. Na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke.

Sisi tunasema mtu ni watu, lakini tunalisema huku tukipandisha kuta, na jirani tunamjua kwa gari lake. Jitambulishe kwa walio karibu nawe. Kukitokea msiba mtaani, nenda ukakae, usiishie kutuma rambirambi kwa simu. Mgonjwa mtembelee, usikae mno, usimsimulie waliokufa kwa maradhi kama yake. Wazazi wako kijijini usiwapigie siku ya kutuma pesa tu. Wapigie pia siku ambayo huna kitu, uwaulize mvua na mifugo na goti linalouma. Na wewe ukielemewa, kubali kusaidiwa. Anayetaka kuwafaa wengine siku zote na kukataa kusaidiwa ana kiburi kilichovaa joho la ukarimu.

La tano, usiikimbie huzuni. Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Vienna, alifungwa katika kambi za mateso za Wanazi kati ya mwaka 1942 na 1945, akapoteza wazazi, ndugu na mke. Alipotoka aliandika kwamba mtu hupata maana ya maisha kwa njia tatu: kwa kazi anayoifanya, kwa upendo, na kwa namna anavyoyabeba mateso yasiyoepukika. Zingatia neno hilo la mwisho. Yanayoepukika, yaepuke. Huzuni ikikukalia wiki nyingi, ukakosa usingizi na hamu ya kula, nenda hospitali ukaonane na daktari, kwa kuwa sonona ni ugonjwa kama malaria, na dua na dawa havigombani. Rafiki yako akikueleza maumivu yake, usimwambie ajikaze. Kaa naye, msikilize, na kesho yake umtafute tena.

Haya yote hayahitaji mtaji. Anza wiki hii: chagua mtu mmoja ambaye ukimsaidia hali yake itakuwa nafuu, na umsaidie bila kutangaza. Kisha timiza ahadi moja uliyoichelewesha. Fanya hivyo mpaka watu wakizoee kimya chako na uaminifu wako, waseme, "Akiahidi, amekuja." Siku hiyo hutahitaji kuambiwa unaishi kwa ajili ya nini, kwa kuwa watakuwapo watu wanaolijua jibu kwa majina yao. Mungu akupe afya, akupe riziki ya halali, na akujaalie kuwa mtu wa kutegemewa.